Upepo wa Saa Tisa

Risasi ya kwanza ya masafa marefu niliisikia nikiwa upande inakofikia. Nilikaa kwenye benchi ndani ya handaki la zege, nimeinua macho kutazama karatasi pana yenye doa jeusi iliyosimamishwa juu ya ukuta. Mita 914 kutoka pale, ng'ambo ya bonde, mtu nisiyemwona alikuwa amelala kifudifudi na bunduki. Kwanza ulipita mlio mkali juu ya kichwa, kama kiboko kilichochapwa hewani. Karatasi ikatoboka. Baada ya kama sekunde moja ndipo ukafika mshindo wa bunduki yenyewe, mzito na mchovu, kama mlango unaofungwa nyumba ya tatu. Risasi ilikuwa imeitangulia sauti yake.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nimezaliwa Tanga, na kwa miaka mingi sasa naishi Woking, mji mdogo kusini-magharibi mwa London. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba Bisley, kituo kimoja cha treni kutoka kwetu kisha mwendo wa miguu, kila Julai wanahitaji watu wa kukaa handakini. Kazi yenyewe: shabaha ikipigwa unaivuta chini, unatafuta tundu, unachomeka kisahani mahali pale ili mpigaji akione kwa darubini, unaziba tundu la risasi iliyotangulia kwa kipande cha karatasi yenye gundi, unainyanyua tena. Pembeni unaweka kibao cha alama. Duara la katikati ni tano, linalofuata nne, kisha tatu, mbili, moja. Ndani ya tano kuna kiduara kidogo zaidi, nacho hutumika kuamua watu wanapolingana.

Siku nzima nilitazama matundu tu. Nikaanza kuona kitu ambacho kilinikalia rohoni. Kuna mpigaji matundu yake yalikuwa yametawanyika huku na huku bila mpango. Kuna mwingine matundu yake yalikaa pamoja kama vifaranga, lakini kundi zima liko kushoto. Huyu wa pili mkono wake ulikuwa safi. Alichokosea ni upepo. Wa kwanza alikuwa na shida nyingine kabisa. Karatasi ilikuwa inamweleza mtu kama chati ya mgonjwa, na mimi nilitaka kujua yangu ingesema nini.

Sikuwa mgeni kabisa wa bunduki. Mwaka 1991, baada ya kidato cha sita, nilipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, kambi ya Ruvu, na siku ya shabaha kila kuruta alipewa risasi chache. Nakumbuka afande akisema, "Ziba pumzi!" Nikaziba mpaka machozi yakanitoka. Mama aliposikia kwa simu kwamba narudia mambo yale kwenye umri huu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe kazi yako kushona watu. Bunduki ya nini?" Nikamwambia, "Mama, ya karatasi." Hakuridhika siku ile, na sikumlaumu. Kwa watu wa rika lake bunduki ni askari, jambazi au mwindaji. Hajawahi kuona mtu anayeishika ili atoboe doa, kisha aende kunywa chai.

Lakini mchezo huu ni wa siku nyingi. Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1859, wakati Waingereza walipokuwa na hofu ya kuvamiwa na Wafaransa na raia wakajiunga na vikosi vya kujitolea. Julai 1860, kwenye uwanja wa Wimbledon, Malkia Victoria alipiga risasi ya ufunguzi kwa bunduki ya Whitworth iliyokuwa imefungwa kwenye kishikizo, kwa kuvuta kamba ya hariri, umbali wa yadi 400. Mwaka 1890 mashindano yakahamia Bisley, kwenye misonobari na vichaka, na huko yapo hadi leo. Mwaka 1908 Olimpiki ya London ilikuwa na shindano la yadi 1000, lililofanyika hapo hapo. Siku hizi bunduki za Olimpiki hazivuki mita 50. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola masafa marefu yalishindaniwa Scotland mwaka 2014, lakini Birmingham, mwaka 2022, ulengaji shabaha wote uliondolewa. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu palikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu wa nchi ndogo aliweza kulala sambamba na Mwingereza, akaonja upepo ule ule.

Picha ninayoipenda kuliko zote katika historia hiyo ni ya mwaka 1930. Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa Tuzo ya Mfalme, shindano kubwa kuliko yote pale Bisley, na alishinda kwa tofauti ya alama moja. Mshindi hubebwa juu ya kiti mabegani mwa watu. Walimbeba. Mchezo huu haumuulizi mtu ana misuli kiasi gani wala ana umri gani, na wazee wa miaka sabini wanawafunga vijana kila wiki. Mimi nilianza nikiwa nimeshavuka arobaini.

Kuanza kwenyewe si kununua bunduki. Hapa Uingereza, mtu akianza kwa kununua amekosea njia, na sheria haitamruhusu. Unatafuta klabu iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, unaomba uanachama wa majaribio, na kwa muda usiopungua miezi mitatu unapiga kwa bunduki za klabu, chini ya macho ya watu wanaokutazama zaidi ya wanavyoitazama shabaha yako. Wanaangalia kama una haraka, kama una hasira, kama unageuza mtutu ovyo unapoitwa jina. Baada ya hapo ndipo unaweza kuomba cheti polisi. Wadhamini wawili wanakuandikia, daktari wako anatoa taarifa ya afya yako, na ofisa anakuja nyumbani kutazama kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Cheti kinataja bunduki ya aina gani na risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo, na kinadumu miaka mitano. Funguo za kabati ni zangu peke yangu. Mume wangu, tuliyezaa naye watoto watatu, hajui zilipo, na hapaswi kujua. Mwanzoni alinuna. Ofisa alipomweleza kwamba hilo ndilo linalomlinda yeye pia, akaelewa.

Klabuni nilikabidhiwa kwa mzee mmoja, mstaafu wa posta, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza na akazoea. Akajua kwetu ni heshima. Kwa wiki mbili hakunipa risasi hata moja. Tulianza na usalama: mtutu hauelekezwi popote ila kwenye shabaha, kidole hakiingii penye kifyatulio mpaka umeshalenga, na bunduki isiyotumika inakaa wazi, na kibendera cha plastiki chenye rangi kali kimechomekwa mahali pa risasi ili kila apitaye aone kwa macho yake kwamba haina kitu. Ikiitwa "acha kupiga", unaacha hata kama ulishaanza kukaza kidole. Niliyapokea bila ubishi. Chumba cha upasuaji nacho kina taratibu zake: tunahesabu vitambaa kabla ya kumfunga mgonjwa, hata kama tunaamini hakuna kilichobaki.

Kisha tukalala. Bunduki yetu haina darubini juu yake. Nyuma ina tundu dogo la kuchungulia, mbele ina pete, na kazi ni kuliweka lile doa jeusi katikati ya pete, likizungukwa na weupe ulio sawa pande zote. Inajazwa risasi moja moja kwa mkono. Haiegemezwi juu ya kitu. Inabebwa na mkono wa kushoto uliofungwa mkanda, na mkanda ndio unaofanya kazi ambayo misuli ingeifanya kisha ikachoka. Hapo ndipo uuguzi ulinisaidia. Nilikuwa naona pete ya mbele ikirukaruka kwa mdundo, tik, tik, tik. Mzee alinigusa mkono akanionyesha nilipoufunga mkanda: pale pale tunapofunga kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, juu ya mshipa mkubwa wa mkono. Nilikuwa napiga shabaha kwa mapigo ya moyo wangu. Nikaupandisha karibu na kwapa, pete ikatulia.

Kuhusu pumzi, afande wa Ruvu alikuwa nusu sahihi. Huizibi kwa nguvu. Unatoa hewa, na kila mtu akishatoa hewa kuna kituo kifupi kabla hajavuta nyingine. Risasi inatoka katika kituo hicho. Ukikipitisha sekunde nane au kumi, macho yanaanza kupoteza ukali. Basi unashusha bunduki, unapumua, unaanza upya. Na kabla ya yote unafumba macho. Unalenga, unafumba, unapumua mara moja, unafumbua. Ikiwa bunduki imehama kutoka kwenye doa, mwili wako haujalala inavyotakiwa, na dawa yake ni kusogeza kiuno. Ukiivuta kwa mkono, itarudi ilikotoka wakati ule ule unapokaza kidole. Hili nililifanya nyumbani, sebuleni, kwa bunduki tupu, nikilenga kijidoa nilichokibandika ukutani. Dakika 15 kila jioni kwa miezi zilinifundisha zaidi ya masanduku ya risasi, na hazikunigharimu kitu. Ndicho ninachowaambia wageni wote, na wengi hawakifanyi.

Tulianza yadi 300, kisha 500, kisha 600. Mpaka hapo, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kujidanganya kwamba anajua. Yadi 1000 ni habari nyingine. Risasi yetu inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, lakini hewa inaikaba, na kufika kule inachukua kama sekunde moja na nusu. Muda huo unatosha kusema bismillahi rahmani rahim yote bila kukimbia. Katika muda huo inaanguka; kama ungeacha kilengeo chako kilipokuwa kwa yadi 100, ingepita chini ya doa kwa zaidi ya mita nane. Anguko hilo halisumbui. Leo ni lile lile la jana, liko kwenye daftari, unazungusha kigurudumu cha kilengeo unapandisha. Tunakipima kwa dakika, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja: kwa yadi 1000 dakika moja ni kama sentimita 27, na kila mlio mmoja wa kigurudumu ni robo yake, kama sentimita 7.

Upepo ndio hauko kwenye daftari. Upepo wa maili 10 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaipeleka risasi pembeni zaidi ya mita mbili. Doa jeusi lenyewe lina upana wa mita moja na kidogo. Kwa hiyo kabla ya kila risasi unauliza mambo mawili: unavuma kwa nguvu gani, na kutoka wapi. Wapigaji huutaja upande kwa mishale ya saa, kama vile umelala katikati ya uso wa saa na shabaha iko kwenye 12. Mzee alinifundisha kwamba upepo wa kulia kabisa, unaokupiga ubavuni moja kwa moja, ni wa "saa tatu". Kichwani mwangu mshale unaoelekea kulia umesoma saa tisa tangu nikiwa mtoto. Uso wa saa ni mmoja, mshale mmoja, majina mawili. Wiki za kwanza nilikuwa nikisikia "saa tatu" nageukia kushoto, na mara moja nilizungusha kigurudumu upande usio wake, risasi ikaenda nje ya karatasi kabisa. Nilirudi nyumbani nikachora saa kwenye jalada la daftari na kuandika majina yote mawili. Tangu siku hiyo nasoma upepo kwa Kiswahili: wa saa tisa unavuma kutoka kulia, unasukuma risasi kushoto, na unalipwa wote. Wa saa tatu kinyume chake. Wa saa sita na wa saa kumi na mbili haulipwi kitu, uko usoni au mgongoni. Wa saa saba, ulio karibu na uso, unalipwa nusu. Nikisemeshana na Mzee natafsiri. Nikiwa peke yangu sitafsiri.

Nguvu ya upepo unaisoma kwenye bendera na kwenye mazigazi. Bendera Bisley ni ndefu na nzito, na kadiri zinavyoinuka kutoka kwenye mlingoti ndivyo upepo ulivyo. Lakini bendera inachelewa. Mazigazi hayachelewi. Ni ule ule mtetemo wa hewa unaouona juu ya lami ya barabara ya Chalinze saa saba mchana; hapa, siku yenye jua, darubini ikivutwa isome karibu kidogo kuliko shabaha, unauona ukitiririka kama maji ya mfereji. Ukitiririka kushoto polepole, upepo ni mdogo, watoka kulia. Ukilala na kukimbia, umekua. Ukisimama na kuchemka wima kama sufuria, basi ama hakuna upepo, ama unageuka, na unaogeuka ndio hatari. Nilitumia majira mazima ya joto nikitazama tu. Stickledown, uwanja wa masafa marefu, unapigwa kuvuka bonde, kwa hiyo risasi inapita juu mahali ambapo hakuna bendera ya kukuambia kitu, na wakongwe wa miaka thelathini bado wanabishana kuhusu kona yake ya kushoto.

Somo lililonibadilisha lilikuwa fupi kuliko yote. Siku moja nilipiga, nikainua kichwa kutafuta kisahani. Mzee akaweka kiganja chake mbele ya darubini. "Imekwenda wapi?" Nikasema sijui, shabaha haijarudi. "Sikuulizi shabaha inasema nini. Nakuuliza wewe. Bunduki ilipolia, pete ilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekonyeza macho wakati wa mshindo, kama wanavyofanya wote mwanzoni. Kuanzia hapo ilinibidi niitangaze kila risasi kabla haijaonyeshwa: katikati, au chini kidogo, saa kumi na mbili, au nimeivuta, saa nane. Ukitangaza katikati na kisahani kikaja kushoto, umepata habari ya upepo na unaweza kuurekebisha. Ukitangaza kushoto na kikaja kushoto, upepo hauna kosa, usiguse kigurudumu. Asiyeweza kutangaza anarekebisha upepo kwa makosa ya mkono wake, na mkono kwa makosa ya upepo, na kila risasi inamzidishia giza. Nimeona wauguzi wapya wakifanya vivyo hivyo na dawa.

Tunapiga wawili wawili kwenye shabaha moja, kwa zamu, na kila mmoja anamwandikia mwenzake alama na kuzitaja kwa sauti. Una sekunde 45. Sheria inakubali kwamba jirani yako ndiye mwamuzi wako, na sijawahi kuona mtu akiongeza. Nimeona mtu akijipunguzia: alisema alipiga shabaha ya jirani, ingawa hakuna aliyekuwa amegundua. Yalinikuta nami mwaka wa pili. Nilitangaza katikati kwa furaha, shabaha yangu haikushuka, ikashuka ya jirani, na kisahani kikakaa katikati kweli. Alama sifuri. Nilikuwa nimeinua macho kusoma bendera na niliporudi sikusoma namba. Sasa namba ya shabaha naisoma kwa mdomo kabla ya kila risasi, na midomo yangu inacheza; wenzangu wameshazoea.

Mara ya kwanza yadi 1000 ilikuwa Jumamosi ya Agosti yenye mawingu yanayokimbia. Jua likitoka mazigazi yanalala. Likijificha hayaonekani, unabaki na bendera. Mbili za kujaribia, kumi za kuhesabiwa. Za kwanza zilikwenda tano, nne, tano, nne, kisha tatu mbili mfululizo upepo ulipoanguka na mimi nikachelewa kuamini. Saba, nane, tisa. Mkono wa kushoto umekufa ganzi, jasho limeingia jichoni. Kabla ya ya kumi nilisubiri. Sekunde ishirini, thelathini. Mazigazi yakarudi na jua, yakitiririka kushoto, polepole kuliko mwanzo. Nikarudisha milio miwili. Nikasoma namba kwa mdomo. Nikatoa pumzi.

Bunduki ilipolia macho yangu yalikuwa wazi, na nikaiona pete: juu kidogo, kulia kidogo. Nikamwambia Mzee kwa saa zake, saa mbili, ndani ya nne. Daftarini nikaandika saa nane. Shabaha ikashuka, ikakaa chini muda mrefu, mtu nisiyemwona akitafuta tundu langu kule handakini. Halafu ikapanda, na kisahani cheupe kilikuwa pale, saa nane, kwenye nne.

"Nne," Mzee akataja kwa sauti, akaandika.